Udaktari Moja kwa Moja Kutoka Sekondari Marekani: Mwongozo Kamili wa Kuomba BS/MD

Kila Novemba swali ni lilelile, kutoka kwa familia zetu za Columbus, Dallas, Houston hadi Portland: mtoto yuko darasa la 12, mwaka wa mwisho wa sekondari, ripoti imejaa A, anataka udaktari, tuanzie wapi? Kwa mipango ya BS/MD, inayounganisha shahada ya kwanza (BS) na ya udaktari (MD), Novemba ya darasa la 12 ni wakati wa kufunga bahasha. Ndiyo maana vijana wenye alama nzuri kabisa wanakataliwa mwaka hadi mwaka, na wengi hawaambiwi sababu.

Tuelewane kwanza tunazungumzia nini. Wengi wetu tunatoka kwenye mfumo ambao mwenye PCB nzuri ya kidato cha 6 anaingia MUHAS na kusoma udaktari kwa miaka 5. Marekani haiko hivyo. Kwa kawaida unasoma shahada ya kwanza miaka 4, unafanya mtihani wa MCAT, unaomba upya shule ya udaktari, kisha unasoma miaka 4 mingine. BS/MD (pengine huandikwa BA/MD) ni mlango wa pembeni: unaomba ukiwa sekondari, na ukikubaliwa, kiti chako cha shule ya udaktari kinawekwa kikikusubiri, ili mradi utimize masharti. Muda wake ni miaka 6, 7 au 8.

Viti ni vichache mno, na waombaji karibu wote wana A. Kwa hiyo alama ni tiketi ya kuingia uwanjani tu. Kinachoamua ni kama mtoto wa miaka 17 anaweza kuthibitisha kwamba kazi ya udaktari ameiona kwa macho yake na bado anaitaka.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

Usianze kujaza fomu yoyote kabla ya kukusanya hivi:

- Transkripti ya shule kuanzia darasa la 9. Kama ulisoma Nyarugusu, Kakuma, Goma au Nairobi, tafuta nakala za matokeo ya huko na tafsiri yake ya Kiingereza.
- Karatasi ya hali yako ya uhamiaji: pasipoti ya Marekani, grini kadi, au I-94 inayoonyesha umeingia kama mkimbizi.
- Fomu za kodi za wazazi za mwaka uliopita na ule wa kabla yake.
- Kadi ya chanjo na majibu ya kipimo cha TB. Hospitali zitaidai hata kwa kazi ya kujitolea.
- Barua pepe ya mwanafunzi mwenyewe. Usitumie ya shule, kwa sababu hufungwa ukimaliza, wala ya kaka anayeifungua mara moja kwa mwezi.
- Daftari gumu moja. Kazi yake utaiona hatua ya 3.

## Hatua ya 1: Chuja orodha kwa jimbo na uhamiaji kabla ya kuangalia jina la chuo

Muda: darasa la 10, au mwanzo wa la 11.

Watu wanaanza na majina makubwa. Anza na masharti, kwa sababu hapo ndipo nusu ya orodha hudondoka bila kukupotezea dola hata moja. AAMC, ambacho ni chama cha shule za udaktari za Marekani, huchapisha orodha ya shule zenye mipango ya pamoja. Ichukue hiyo, kisha fungua ukurasa wa kila mpango mmoja mmoja.

Utakuta mambo kama haya. Chuo Kikuu cha New Mexico kina BA/MD ya wanafunzi 28 kwa mwaka, nao wanataka vijana wa jimbo lao watakaobaki kutibu huko, hasa vijijini. Shule ya udaktari ya CUNY mjini New York ina mpango wa miaka 7 wenye shabaha ya kuandaa madaktari wa huduma ya msingi kwa mitaa isiyo na madaktari wa kutosha. UMKC ya Kansas City ina miaka 6, na mwanafunzi anakutana na wagonjwa tangu mwaka wa kwanza. Brown ina PLME ya miaka 8, huru zaidi: unaweza kusoma historia au muziki upande wa shahada ya kwanza, na hulazimiki kufanya MCAT. Hofstra ya New York ina 4+4, yaani miaka 4 ya shahada ya kwanza na 4 ya udaktari, na MCAT unaifanya.

Kijana wa Houston akituma fomu ileile kwa hawa wote, ni dhahiri hajasoma hata mmoja.

Onyo la kwanza: mipango hii hufungwa. Northwestern walikuwa na mpango uliosifika sana, HPME, na waliufunga, lakini bado utaukuta kwenye video za ushauri. Amini ukurasa wa chuo wa mwaka huu tu.

Onyo la pili: mipango mingi hudai uraia au grini kadi. Mkimbizi anaruhusiwa kuomba grini kadi baada ya kukaa nchini mwaka 1, kwa hiyo kama familia bado inaahirisha, hiyo ndiyo kazi ya kwanza. Wewe unayesoma ukiwa Dar, Mombasa au Bujumbura, nakuambia bila kuficha: milango iliyo wazi kwa asiye mkazi ni ya kuhesabu vidole. Kusoma udaktari huko nyumbani kutakufikisha haraka na kwa gharama ndogo zaidi.

Ongeza pia mipango ya BS/DO. DO ni daktari kamili Marekani, anaandika dawa, anafanya upasuaji, analipwa sawa. Wazazi wetu hawalijui jina hilo, basi wanalikataa. Vyuo vya NYIT na LECOM ni mahali pazuri pa kuanzia.

Hatua imekamilika ukiwa na jedwali la mipango 6 hadi 10, na kila mstari una: sharti la uhamiaji, sharti la jimbo, SAT au ACT (mitihani ya kuingia chuo), tarehe ya mwisho, na kama MCAT inatakiwa.

## Hatua ya 2: Panga masomo, na chunga yale ya chuo unayosoma ukiwa sekondari

Biolojia, kemia na fizikia, zote tatu, na hesabu ikiwezekana hadi kalkulasi. Chukua kiwango cha AP, yaani masomo ya sekondari yenye uzito wa chuo, pale shule inapokuwa nacho. Kama shule yako haina AP, usijilaumu. Mshauri wa shule huandika hilo kwenye taarifa yake na chuo hukupima kwa kilichokuwepo.

Hapa kuna mtego ambao hata washauri wa shule hawautaji. Shule nyingi za umma zinawaruhusu wanafunzi kusoma masomo ya chuo cha jamii bila malipo. Ni jambo zuri, lakini alama hizo ni za chuo kweli. Siku utakapoomba udaktari kwa njia ya kawaida kupitia AMCAS, mfumo wa pamoja wa kuomba shule za udaktari, kila somo la chuo ulilosoma huhesabiwa kwenye GPA yako, yaani wastani wa alama zako, hata ulilosoma ukiwa na miaka 16. C ya kemia uliyoipata huku ukifanya kazi Walmart usiku itakufuata. Chukua somo moja, lile unalojua utalimudu.

Kama ulifika Marekani karibuni na uko kwenye darasa la Kiingereza kwa wageni, muulize mshauri wa shule kwa maandishi: je, masomo haya yanahesabika kama miaka 4 ya Kiingereza kwa vyuo vilivyo kwenye jedwali langu? Jibu hutofautiana.

SAT au ACT fanya mara ya kwanza katika darasa la 11. Chuo kinaweza kusema mtihani si lazima, halafu mpango wake wa udaktari ukaudai. Soma ukurasa wa mpango, usiishie kwenye ukurasa wa chuo. Familia yenye kipato kidogo husamehewa ada ya mtihani, lakini lazima uombe.

## Hatua ya 3: Ingia mahali ambapo wagonjwa wapo

Hapa ndipo wengi wetu wanaangukia, na hapa ndipo nitakaa kidogo.

Wanaosoma fomu wanatafuta vitu viwili. Kwanza, umemfuata daktari kazini na kutazama anavyofanya. Pili, umemhudumia mgonjwa wewe mwenyewe, kwa muda mrefu, bila kulazimishwa. Miezi 18 ya Jumamosi kwenye nyumba moja ya wazee ina uzito kuliko safari ya wiki 2 ya kulipia huko Arusha ukipiga picha na koti jeupe. Tena hiyo ya koti jeupe inaweza kukuangusha, maana wanaosoma fomu wanajua kijana wa miaka 16 hana ruhusa ya kumtibu mgonjwa popote.

Milango inayofunguka kwa kijana asiye na mjomba daktari ni hii:

Nyumba ya wazee. Piga simu, omba kuongea na mratibu wa shughuli. Watakupa kazi ya kusoma magazeti, kusukuma kiti cha magurudumu, kucheza karata. Ni kazi ndogo, na ndani yake kuna kila kitu: maumivu, upweke, kusahau, kifo.

Hospitali. Nyingi hupokea vijana wa kujitolea kuanzia miaka 16, na fomu za kiangazi mara nyingi hufungwa kabla ya kiangazi chenyewe. Uliza mapema, Januari.

Kliniki ya jamii, hasa ile inayohudumia wakimbizi. Huko Kiswahili chako ni mali kwenye dawati la mapokezi.

Cheti cha CNA, yaani msaidizi wa muuguzi. Sheria ya nchi inataka mafunzo yasiyopungua saa 75, na kila jimbo lina umri wake wa kuanza. Kinakupa mshahara pia, na kwa familia nyingi zetu hilo si jambo la pembeni.

Kumfuata daktari ni kuomba tu. Daktari wa familia yenu anatosha kuanzia. Mwandikie mistari mitano: wewe ni nani, uko darasa la ngapi, unaomba kutazama nusu siku, utasaini fomu ya siri za wagonjwa, asante. Asipojibu, mwombe mwingine.

### Kuhusu kumtafsiria mama hospitali

Watoto wetu wengi wamekaa kwenye vyumba vya daktari tangu wana miaka 9, wakitafsiri. Chini ya kifungu cha 1557 cha sheria ya Affordable Care Act, hospitali au kliniki inayopokea fedha za serikali kuu hairuhusiwi kumtegemea mtoto mdogo kutafsiri, isipokuwa kwenye dharura ambapo maisha yako hatarini. Mama ana haki ya mkalimani bila malipo, kwa simu au video. Adai.

Kwa hiyo usiandike kwenye fomu kwamba ulikuwa "mkalimani wa hospitali". Hukuwa. Lakini ulichokiona pale ni chako, na hakuna mtoto wa mtaa wa matajiri anayeweza kukiandika. Ukifika miaka 18 unaweza kusomea ukalimani wa afya rasmi: vyeti vya kitaifa hudai mafunzo ya saa 40 na kuendelea.

### Daftari

Kila siku uliyojitolea, andika siku hiyohiyo: tarehe, mahali, idadi ya saa ulizokaa, na jambo moja uliloliona. Usiandike jina la mgonjwa kamwe. Mfano:

"Nimekaa saa 3. Muuguzi alimuuliza bibi maumivu yako ni ngapi kati ya 1 na 10. Bibi akasema Mungu ndiye anajua. Muuguzi hakuandika kitu. Akamuuliza: leo umeweza kushika kikombe? Bibi akatikisa kichwa. Muuguzi akaandika 8."

Kijana mwenye daftari la kurasa 40 za namna hii hatapata shida ya insha wala ya usaili. Asiyekuwa nalo atakumbuka tu kwamba "alijifunza huruma".

Hatua imekamilika ukifika mwisho wa darasa la 11 ukiwa na mahali pamoja ulipokaa zaidi ya mwaka, na mtu mzima wa hapo anayejua jina lako.

## Hatua ya 4: Barua za kukupendekeza

Unahitaji walimu 2, angalau mmoja wa sayansi, na mshauri wa shule. Omba mwezi wa 5 wa darasa la 11, uso kwa uso, kabla foleni haijajaa. Mpe mwalimu ukurasa mmoja wenye mambo matatu uliyofanya darasani kwake, kwa sababu ana wanafunzi 150 na atasahau. Mratibu wa nyumba ya wazee anaweza kuwa barua ya ziada pale mpango unaporuhusu. Mchungaji, imamu na rafiki wa baba waache.

Adabu yetu ya kutomsumbua mkubwa inatuponza hapa. Kumkumbusha mwalimu wiki 2 kabla ya tarehe ya mwisho ni kawaida kabisa Marekani, na wala hatachukia.

## Hatua ya 5: Insha

Karibu kila mpango utauliza mambo mawili kwa maneno yake: kwa nini udaktari, na kwa nini kwetu. Swali la kwanza lina jibu lililochoka: "Nataka kusaidia watu." Muuguzi anasaidia watu, mwalimu anasaidia, dereva wa basi anasaidia. Onyesha kitu ambacho daktari peke yake ndiye hukifanya, na jinsi ulivyokiona.

Dhaifu: "Nilikulia kambini ambako watu waliteseka, ndipo nikaamua kuwa daktari."

Imara: "Kambini tulikuwa na dawa ya malaria. Jirani yetu alipewa hiyo kwa homa iliyodumu wiki 3, na haikuwa malaria. Swali la 'basi ni nini?' ndilo lililonivuta."

Ya pili imebeba mateso yaleyale, ila sasa tunamwona kijana anayefikiri. Na hulazimiki kuuza majeraha ya familia. Jambo ambalo mama asingependa lisomwe na mgeni, liache nje.

Kwa swali la pili, taja kitu ambacho hakipo mahali pengine: huduma ya msingi ya CUNY, uhuru wa masomo wa PLME, wagonjwa wa mwaka wa kwanza wa UMKC. Jipime hivi: badilisha jina la chuo kwenye insha yako. Ikiwa bado inasomeka sawasawa, andika upya.

## Hatua ya 6: Kutuma

Common App, fomu moja ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi, hufunguka tarehe 1 Agosti. Jaza sehemu za kawaida mwezi huohuo. FAFSA, fomu ya msaada wa fedha wa serikali, kwa kawaida hufunguka Oktoba, na mkimbizi au mwenye grini kadi ana haki ya kuijaza. Vyuo vingine vya binafsi vinataka CSS Profile, fomu nyingine ya msaada wa fedha, juu yake.

Tarehe za mwisho za BS/MD huwa mapema kuliko za chuo chenyewe, nyingi kati ya mwanzo wa Novemba na Desemba. Baadhi zina fomu ya pili, inayotumwa kwa barua pepe baada ya ile ya kwanza. Hapo watu hupotea: barua inaangukia kwenye sanduku la taka (spam), siku 10 zinapita, basi. Fungua sanduku hilo kila jioni.

Kama familia ina kipato kidogo, weka alama kwenye sehemu ya kusamehewa ada ndani ya Common App, na mshauri wa shule athibitishe.

Pamoja na mipango hiyo, omba pia vyuo vya kawaida 4 au 5, kimojawapo cha jimbo lako chenye bei nafuu. Hili si la hiari.

## Hatua ya 7: Usaili

Wanaoitwa huitwa kati ya Januari na Machi. Mipango mingine, kama PLME, haina usaili. Mingine ina MMI: vituo vifupi vingi, kila kimoja na swali lake, dakika chache, kengele, unahamia kingine.

Maswali utakayoyakuta: Kwa nini usiwe muuguzi? Una miaka 17, umejuaje? Mgonjwa akikataa dawa kwa sababu ya imani yake, utafanya nini? Ulishindwa lini?

Fanyeni mazoezi nyumbani kwa Kiingereza, baba au shangazi akiwa upande wa pili wa meza na saa ya dakika 2. Tulilelewa kutomkazia mkubwa macho na kujibu kwa ufupi. Kwa msaili wa Kimarekani hiyo inaonekana kama hofu au kutojali. Angalia uso, jibu kwa mfano kutoka kwenye daftari, kisha nyamaza. Jibu la kukariri linajulikana kwa sentensi ya pili.

## Hatua ya 8: Soma masharti, piga hesabu ya pesa

Barua ya kukubaliwa ikija, sherehe isubiri siku mbili. Kaa na karatasi na utafute majibu haya: GPA gani natakiwa nibaki nayo, na je, ya sayansi inahesabiwa peke yake? MCAT ipo, na alama ya chini ni ngapi? Nikiomba shule nyingine ya udaktari napoteza kiti hiki? Nikishuka muhula mmoja, napewa nafasi ya kujirekebisha?

Kisha pesa. Msaada mnono wa miaka ya kwanza mara nyingi hauendelei shule ya udaktari. Shule nyingi za udaktari za binafsi huzidi dola 300,000 kwa miaka 4 ukijumlisha maisha. Na sheria imebadilika: kwa wakopaji wapya kuanzia 1 Julai 2026, mkopo wa serikali uitwao Grad PLUS haupo tena, na mkopo wa serikali kwa udaktari una kikomo cha dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Pengo linalobaki ni la benki binafsi, na benki itataka mdhamini mwenye historia nzuri ya mikopo. Waulize chuo kwa maandishi: wanafunzi wenu wanalizibaje pengo hili?

Jipime kwa swali moja la mwisho: kama ndoto ya udaktari ingebadilika mwaka wa pili, je, ningebaki kwenye chuo hiki kwa bei hii? Jibu likiwa hapana, kiti hicho ni ghali kuliko kinavyoonekana.

Weka amana ya chuo kimoja tu kabla ya tarehe 1 Mei.

## Ukikosa

Kila mwaka zaidi ya watu 50,000 huomba shule za MD Marekani, na takriban 23,000 huanza masomo. Sehemu kubwa sana yao walipita njia ya kawaida, chuo kwanza na MCAT baadaye. Vyuo kadhaa vina mpango wa kuhakikishiwa kiti ukiwa tayari mwaka wa pili au wa tatu wa chuo. Texas ina JAMP, iliyoanzishwa kwa sheria ya jimbo mwaka 2001, kwa wakazi wa huko wenye kipato kidogo: huombwa ukiwa chuoni, na inasaidia kwa fedha na maandalizi ya MCAT.

Ukienda njia hiyo, AAMC wana msaada wa ada uitwao Fee Assistance Program, unaopunguza bei ya MCAT na ya AMCAS. Uombe kabla ya kujiandikisha kwa mtihani. Pesa uliyokwisha kulipa hairudishwi.